Kibanzi Begani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa wilaya za Ngara na Biharamulo, katika mkutano uliofanyika Biharamulo



 Nawashukuru wenzetu wa Ngara, ambao wamesafiri tangu alfajiri, wakapita Nyakahura na Lusahunga, ili kuja kusikiliza maneno ya karani mwenzao. Bwana Katibu aliniomba niseme machache juu ya lugha ya Kiingereza na matumizi yake katika kazi zetu. Jambo hilo ni pana kama ziwa, nami sina mtumbwi wa kulivuka. Kwa hiyo nimechagua msemo mmoja tu, wenye maneno machache, kwa sababu msemo huo uliniharibia mwaka mzima wa maisha yangu, na baadaye ukanifundisha kazi.

Msemo wenyewe ni huu: "to have a chip on one's shoulder." Tukiufasiri neno kwa neno twapata, "kuwa na kibanzi begani." Kibanzi, kama mjuavyo, ni kipande chembamba cha mti kirukacho shoka linapopiga gogo. Fundi anapochonga mtumbwi wa kukamulia ndizi, vibanzi hujaa uwanjani, na watoto huviokota wakavipeleka jikoni. Tena wale waliosoma shule za misioni watakikumbuka kibanzi cha namna nyingine, kile tunachokiona upesi katika jicho la ndugu yetu, hali boriti iliyo katika jicho letu hatuioni. Lakini kibanzi cha leo hakimo jichoni. Kiko begani, nami nitawaeleza jinsi nilivyokutana nacho.

Nalikuwa karani kijana katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Mkubwa wangu wa karibu alihamishwa, nami nikaambiwa nikaimu nafasi yake mpaka apatikane mwingine. Nalikaimu miezi 11. Naliifanya kazi yake mchana na kazi yangu jioni. Posho ya kukaimu haikuja. Halafu akaletwa mtu kutoka mbali, akakalia kiti kile, nami nikarudi kwenye meza yangu ya zamani karibu na mlango. Mwaka ulipokwisha, mkuu wa ofisi aliandika taarifa juu ya kila mtumishi, akaniita niisome yangu na kutia sahihi. Alikuwa amenisifu kwa mwandiko, kwa kuwahi kazini na kwa utunzaji wa majalada. Chini kabisa alikuwa ameongeza kwamba karani huyu ana kibanzi begani.

Nalitia sahihi bila kuelewa, kisha nikaenda kufungua kamusi. Nikatafuta neno moja, nikapata kibanzi cha mti; nikatafuta la pili, nikapata bega. Moyo wangu ukaruka. Nyuma ya ofisi palikuwa na mbao za kutengenezea paa, na mwezi uliotangulia mbao mbili zilikuwa zimepotea. Nikajua kwamba nimeshtakiwa wizi! Usiku ule naliandika barua ya kurasa 3, nikiapa kwamba sijapata kamwe kuchukua mti wa Serikali begani mwangu, wala mchana wala usiku, na kwamba mlinzi wa zamu aitwe awe shahidi.

Kwa bahati njema naliipeleka barua ile kwanza kwa karani mmoja mzee, ili anisahihishie Kiingereza. Aliisoma yote, akavua miwani, akacheka mpaka akatokwa na machozi. Kisha akanyamaza kitambo, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "hukushtakiwa wizi. Umeshtakiwa jambo ambalo mashahidi wake ni sisi sote."

"Jambo gani, Mzee?"

"Keti, nikueleze."

Basi, Mabwana na Mabibi, nitawapa maelezo ya mzee yule, pamoja na yale niliyojifunza baadaye kwa kusoma.

Msemo huu haukuzaliwa Uingereza. Ulizaliwa Marekani, katika nchi ya New York, mwanzoni mwa karne ya 19. Gazeti moja la mji wa Hempstead, liitwalo Long Island Telegraph, liliieleza desturi yenyewe katika mwaka 1830. Vijana wawili wakorofi walipotaka kupigana, mmoja aliweka kibanzi cha mti begani mwake, akamwambia mwenziwe akiangushe kama anathubutu. Akikiangusha, vita vimeanza. Nasi tunao mchezo unaofanana na huo. Nani kati yetu, alipokuwa mtoto, hakuona mkubwa mmoja akichora mstari mavumbini, au akifanya vichungu viwili vya mchanga, akaviita mama zao wale wanaogombana, ili aone ni nani atakayethubutu kukanyaga?

Kutokana na desturi hiyo, watu walianza kumsema kwa mfano mtu ambaye hana kibanzi cha kweli begani, lakini atembea kana kwamba anacho. Mtu huyo aliwahi kudharauliwa, au adhani alidharauliwa, na tangu siku hiyo ataraji dharau kila mahali. Ukimsalimu kwa sauti ndogo, asema umemdharau. Ukimsalimu kwa sauti kubwa, asema wamdhihaki. Ukisahihisha barua yake, asema ni kwa sababu ya kabila lake, au shule yake, au kijiji alikotoka. Amekiweka kibanzi chake juu ya bega, naye anangoja mtu apite karibu kikaanguka, apate kusema, "Mmeona? Nilijua!"

Sasa tuulize, je, sisi hatuna neno la jambo hili? Tunayo maneno mengi, lakini hakuna hata moja lililo sawasawa nalo. Tunasema kinyongo, neno ambalo sauti yake lakaribiana na nyongo, ile chungu iliyo tumboni. Tunasema kuweka fundo moyoni. Jirani zetu wa Burundi na Rwanda husema inzika. Lakini angalieni tofauti. Kinyongo hukaa ndani, na mwenye kinyongo aweza kukuchekea miaka kumi usijue. Ndiyo maana wazee walisema moyo wa mtu ni msitu. Kibanzi hukaa nje, juu ya bega, mahali ambapo kila mtu akiona isipokuwa mwenye bega, kwa maana yeye hutazama mbele. Tena yapasa tusikichanganye na ule msemo wetu wa "sizitaki mbichi hizi," ambao Waingereza nao wanao kwa habari ya zabibu. Huyo asemaye sizitaki amekwisha geuka kwenda zake. Mwenye kibanzi hajageuka. Bado amesimama palepale akilinda lililompata.

Kwa habari ya matumizi, nina mambo matatu ya kuwaambia, hasa ninyi vijana mnaoandika barua za Kiingereza. La kwanza, msemo huu husemwa aghalabu juu ya mtu asiyekuwapo, au juu ya mtu aliye chini. Kumwambia mtu usoni ni kumtukana. La pili, hausemwi kwa hasira ya siku moja. Mtu aliyekasirika leo na kesho amesahau hana kibanzi. Kibanzi ni kitu cha kudumu. La tatu ndilo kubwa kuliko yote, nami naomba mlishike: msemo huu hausemi kama mtu yule alidhulumiwa kweli au hakudhulumiwa. Wasema tu jinsi anavyoichukua habari yake. Basi aweza kuutumia mtu mwenye haki, na aweza kuutumia mdhalimu vilevile, ili aliyedhulumiwa anyamaze. Yule aliyesahau kunilipa posho yangu aliandika habari ya bega langu; habari ya posho hakuiandika.

Hapo nataka kuwasimulia habari ya vibanzi vingine, vya kweli kabisa. Katika viwanda vya kuundia manowari za mfalme wa Uingereza, tangu karne ya 17, mafundi seremala walikuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani na vibanzi na mabaki ya mbao zilizokatwa. Vilikuwa kuni zao, na walivihesabu kuwa sehemu ya ujira wao. Serikali nayo ilikuwa na malalamiko yake, kwa maana wako mafundi waliokata mbao nzima makusudi wakaziita mabaki. Basi katika mwaka 1753 ilitolewa amri kwamba vibanzi vichukuliwe chini ya kwapa tu, visichukuliwe begani, kwa sababu mzigo wa begani ni mkubwa kuliko mzigo wa kwapani. Mwaka 1756, katika kiwanda cha Chatham, fundi mmoja aliyeitwa John Miller alifika langoni na mzigo wake begani. Akaambiwa aushushe. Akakataa, akasema vibanzi ni vyake. Na wenzake waliokuwa nyuma yake wakasukumana kwa wingi wakatoka langoni, kila mtu na vibanzi vyake begani.

Wako watu wadhanio kwamba msemo wetu ulitoka katika ugomvi huo. Wajuzi wengi hawakubali, kwa kuwa maana ya leo yafuata ule mchezo wa vijana wa Marekani. Mimi pia nawafuata wajuzi. Lakini habari ya Chatham nimeiweka moyoni, kwa sababu yanionyesha kwamba viko vibanzi vya namna mbili. Kiko kibanzi cha kijana mkorofi, ambacho hakina faida isipokuwa kuanzisha vita. Na kiko kibanzi cha fundi, ambacho ni mshahara wake. Nao ugomvi wa Chatham uliishaje? Haukuisha langoni kwa kusukumana. Mwaka 1801 desturi ya vibanzi ilikomeshwa, na badala yake mafundi wakapewa fedha. Jambo lililokuwa begani likaingia katika daftari la mishahara.

Mabwana na Mabibi, hata katika nchi yetu wenyewe tunao mfano wake. Mwaka 1922, katika mji wa Tanga, Martin Kayamba, karani mwenzetu wa zamani, aliwakusanya watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika wakaanzisha chama chao. Siku zile mtumishi Mwafrika alikuwa na mengi ya kumnunisha. Angaliweza kila mtu kukaa mezani pake na kibanzi chake, akinuna peke yake. Walichagua kukutana, wakajadiliana, na yaliyowasumbua wakayaeleza kwa maandishi. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London, pamoja na Chifu Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, iliyokuwa ikichunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Huyo Lwamugira alikuwa mtu wa upande wetu huu wa Ziwa.

Halafu ikaja Tume ya Sir Maurice Holmes. Taarifa yake ya mwaka 1948 ilishauri kwamba Mwafrika, hata akiwa na elimu na kazi ileile ya Mzungu, alipwe sehemu tatu tu katika sehemu tano za mshahara wa Mzungu. Naomba mfikiri. Mtu aliyenung'unika kwa ajili ya zile sehemu mbili zilizopungua alikuwa na kibanzi begani? Huyo alikuwa na hesabu mkononi! Hesabu ile ilisemwa, ikaandikwa, ikarudiwa; na mwaka 1954 Tume ya Sir David Lidbury ikashauri kanuni ile ya sehemu tatu kwa tano iondolewe. Laiti watumishi wa siku zile wangalitosheka kununa, wajukuu wao wangalikuta manung'uniko peke yake.

Sasa narudi kwa yule karani mzee, kwa maana hadithi yangu haijakwisha.

Aliponieleza maana ya msemo, naliwaka hasira. Nikamwambia, "Mzee, mtu afanye kazi miezi 11 bila posho, halafu aambiwe ana kibanzi? Mwenye makosa ni nani?"

Akajibu, "Makosa ni yao. Kibanzi ni chako. Yote mawili ni kweli." Kisha akaniuliza, "Unamkumbuka yule bibi wa Jumatatu?"

Nalimkumbuka. Alikuwa mama mzee, mjane, aliyekuja kuuliza habari za mafao ya marehemu mumewe. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka mbali, na viatu vyake amevishika mkononi. Jalada lake lilikuwa katika kabati nyuma yangu, hatua tatu. Lakini asubuhi ile yule mkubwa mpya alikuwa amenisahihisha barua mbele ya watu, nami nalikuwa nimenuna. Nikamwambia yule mama, bila kumtazama, "Njoo kesho." Akasema, "Haya, baba," akageuka akaenda. Kesho yake hakuja. Wala siku ya tatu.

Mzee akaniambia, "Tangu ulipokalishwa pale mlangoni nimekuwa nikihesabu. Mkuu wa ofisi hujamwumiza hata siku moja. Yule mgeni hujamwumiza. Waliokiangukia kibanzi chako ni wale wanaofika mlangoni wakiwa na shida, nao hawajui hata kwamba uliwahi kukaimu."

Bwana Mwenyekiti, sijapata kupigwa fimbo iliyoniuma kama maneno yale. Nalikuwa nimejiona mtu mnyonge aliyedhulumiwa na wakubwa. Sikuwa nimejua kwamba kwa yule mama mwenye viatu mkononi, mkubwa ni mimi.

Mzee akaichukua ile barua yangu ya kurasa 3, akaipasua. Akanipa karatasi nyupe moja. Akasema, "Andika tarehe uliyoambiwa ukaimu, na jina la cheo cha aliyekuambia. Andika tarehe uliyoacha. Taja kanuni inayokupa posho. Omba ulipwe. Usiandike neno dharau, wala neno uchungu, wala neno uonevu. Barua isipite nusu ukurasa." Nikaandika. Ilijibiwa kwa kuahirishwa. Nikaandika ya pili, nikaitaja ya kwanza. Nikaandika ya tatu, nikazitaja zote mbili. Baada ya barua ya tatu nalilipwa posho ya miezi 11, mpaka senti ya mwisho. Kile kiti sikukipata, wala yale maneno ya taarifa hayakufutwa. Siwadanganyi kwamba haki yote ilirudi. Ilirudi ile iliyokuwa na tarehe.

Na yule mama nalimtafuta. Nalituma salamu kwa watu wa kijiji chake, na baada ya majuma mawili akaja. Nalisimama, nikamwamkia, nikamkalisha, nikalitoa jalada. Kazi yote ikachukua chini ya saa moja. Nikamwomba radhi kwa ile siku ya Jumatatu. Akasema, "Siikumbuki, baba." Mpaka leo sijui kama alikuwa amesahau kweli, au kama alinihurumia.

Basi, kutokana na haya, nina ushauri wa namna tatu, nami naomba tuujadili baada ya chai.

Kwa vijana wenzangu wa meza za mlangoni: mtu akisema una kibanzi begani, usiwake, wala usikane upesi. Kishushe ukitazame. Ukikuta ni kibanzi cha yule kijana mkorofi, kitupe jikoni kikawashe moto, kwa maana hasira ni hasara. Ukikuta ni kibanzi cha fundi, yaani ni haki yako, kiweke mezani, nacho kiwe na tarehe na kanuni. Msikifiche, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua. Msikiache begani pia, kwa sababu pale hakitalipwa, na wapitao bila hatia ndio watakaokigonga.

Kwa wakubwa wetu waliomo humu, nasema kwa adabu: kabla ya kuandika neno lile katika taarifa ya mtu, mlitazame kwanza jalada lake. Ulizeni kama hakuna posho iliyosahauliwa, au likizo iliyokatwa, au ahadi iliyotolewa na mtangulizi wenu ikaachwa. Yumkini kibanzi hicho kiliwekwa begani pake na mkono wa ofisi yenyewe. Mkikuta ni hivyo, mwondoeeni ninyi, nanyi mtaona jinsi bega linavyonyoka.

Na kwa chama chetu: kazi ya chama ni kuwa meza. Mwanachama mmoja wa Ngara akinung'unika peke yake, ataitwa mkorofi. Wanachama kumi wakileta tarehe zao katika karatasi moja, hilo laitwa shauri, na shauri hujibiwa. Lakini tusikubali chama kiwe bega kubwa la kuwekea vibanzi vya watu wote, ambapo tunakutana kila mwezi kunung'unika, tukitoka hapa hakuna hata barua moja iliyoandikwa. Nawaomba Bwana Katibu na wajumbe wapange saa moja katika kila mkutano, mwanachama mwenye dai asaidiwe kuliandika kwa nusu ukurasa. Mimi niko tayari kusaidia kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila malipo.

Tuko karibu sana na boma la zamani, ambalo Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20. Waliolijenga wameondoka, na waliowafuata wameondoka. Makarani wamekuja na kwenda, kila mmoja na la moyoni mwake, na manung'uniko yao hayajulikani tena na mtu. Kilichobaki ni kile walichokiandika vizuri. Nasi vivyo hivyo: atakayelifungua jalada letu siku moja hatayaona mabega yetu. Ataziona barua, na pengine atakutana na mtu mzee kijijini ambaye alihudumiwa vema, au aliyeambiwa aje kesho.